Zuena na Gunia la Macho Mawili

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwambie mteja angoje kidogo. Leo tunamkumbuka Zuena binti Kasim wa Majengo, Meru mjini, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na tisa. Vijana walimjua kama bibi wa vitabu vya picha. Wazee wanamjua kwa jambo jingine. Wakati wa Emajensi, Mkoloni alipowasaka Mau Mau msituni, alipewa gunia alivae, na akalivua. Shikeni hilo: alipewa gunia, akalivua.

Baba yake, mzee Kasim, alikuwa na bucha. Mama yake alikuwa mtu wa Embu. Enzi hizo nyama ilifungwa kwa karatasi kuukuu, na mzee alizinunua kwa mabunda kutoka nyumba za Wazungu. Siku moja Zuena akafungua bunda, akakuta komiki. Ilikuwa hadithi ya kale iliyochorwa upya kwa vijisanduku, maneno yakiwatoka watu mdomoni kama povu. Shujaa wake alikuwa mfua vyuma. Alifunga kitambaa cheusi usoni, akapanda farasi, akawanyang'anya watoza kodi nafaka za maskini.

Aliipenda, wacha mchezo! Alikuwa na miaka kumi na tisa, ulimi mwepesi, hasira karibu. Kila Jumamosi alisimama kando ya gogo la kukatia nyama akiwasomea wateja, Kiingereza kinaingia machoni, Kiswahili kinatoka mdomoni. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Runji, mkulima wa kahawa. Lakini kurasa za mwisho hazikuwepo. Mzee Kasim alikuwa amekwisha kuzifungia maini.

"Baba, umempa mtu mwisho wa hadithi!"

"Na amekula ameshiba," mzee akamjibu.

Basi Zuena hakujua shujaa yule aliishia wapi, wala kama kile kitambaa kiliwahi kutoka usoni.

Mwaka wa hamsini na nne akapata pasi ya kusafiri, akaenda Embu kwa mjomba wake Kithaka. Komiki ilikuwa kwapani. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, na nyuso zilikuwa nzito. Zuena akajiambia, ngoja niwachangamshe. Akafungua ukurasa wa shujaa. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja, Igoki, akasimama, akaunyoshea kidole ule ukurasa.

"Mwari, huyo ni gakunia!"

"Hapana cucu, huyu ni mtu mzuri. Anasaidia maskini."

"Mtu mzuri anaficha uso ya nini?"

Kwa wasiojua, wasikilizaji, gakunia ni kigunia. Msaliti alivishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, watu wakapitishwa mbele yake. Akikutikisia kichwa, umekwenda kizuizini. Mume wa Igoki alikwenda hivyo, kwa kichwa cha mtu ambaye hakumjua kamwe. Zuena aliona haya, ardhi ipasuke aingie. Alikunja komiki yake, akarudi Meru na swali la yule bibi.

Swali halikukawia kumfuata. Mkubwa wa homugadi, wale askari wenyeji wa Mkoloni, pale mjini, mtu aliyeitwa Mbogo, akaja buchani na kutabasamu.

"Zuena, wewe unajua wateja wote. Kuna mtu ananunua nyama kushinda tumbo la nyumba yake. Kesho utavaa gunia. Ni kutikisa kichwa tu, hakuna mtu atajua."

"Nikikataa?"

"Bucha inafungwa. Na wewe unaingia ndani."

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba, kwa sababu Zuena alimjua mtu huyo. Alikuwa Runji. Mke mmoja, watoto wawili, nyama ya watu kumi. Mwenye akili alijua ni nani walikuwa na njaa kule msituni. Akitikisa kichwa, Runji anakwenda kwenye kitanzi, maana aliyewalisha Mau Mau alinyongwa. Akikataa, baba yake anapoteza bucha.

Mzee Kasim alisikiliza huku ananoa kisu. Akayajaribu makali kwa ukucha. Kisha akasema, "Nyama ikioza naitupa, mwanangu. Jina likioza unabaki nalo."

Kesho yake Zuena alilivaa lile gunia. Ndiyo, alilivaa, tusimpake asali. Alijiambia: nitakaa tu, kichwa sitakitikisa, siku itapita. Mle ndani mlinuka mahindi, na katani ilimwasha shingo. Watu wakapita mmoja mmoja. Akafika Runji, yule wa kicheko. Akayatazama yale matundu mawili kwa chuki ambayo Zuena hakuwahi kutazamwa nayo. Nyuma yake mwanamke akanong'ona, "Gakunia."

Hapo akaelewa. Hata asipotikisa kichwa, gunia lilikuwa limekwisha kumgeuza. Akasimama. Akalivua, akalitupa chini mbele ya Mbogo na askari wote.

"Mimi ni Zuena wa Kasim! Huyu ni Runji, mteja wetu. Ubaya wake siujui. Na ningeujua ningeusema hivi hivi, mkiniona!"

Je, alidanganya? Alisema hajui ubaya. Kumlisha mwenye njaa, ubaya uko wapi? Nisaidieni.

Alipigwa kofi pale pale. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuanza kuita jina lake, mstari ukavurugika, shughuli ya siku hiyo ikafa. Runji aliondoka mchana ule ule akajificha kwa jamaa huko Siakago mpaka vita vikaisha. Bucha ikafungwa. Zuena akapelekwa jela ya Embu.

Humo jela aliwasimulia wanawake ile komiki, na humo ndimo alimopata mwisho wake. Mfua vyuma anaingia sokoni, anafungua kitambaa, anataja jina lake. Uhuru ulipokuja, alifungua bucha tena, akauchora mwisho huo ukutani, rangi nyekundu na nyeusi. Na Runji akarudi kununua nyama. Binti yake, Cicily, ametuambia: "Baba alinunua kwa Zuena hata alipobaki bila meno. Tukimuuliza utaitafuna na nini, anasema, 'Naenda kumwona uso.'"

Kwa familia ya marehemu Zuena, kwa watoto na wajukuu, na kwa Majengo nzima, poleni sana. Mungu amrehemu. Na sisi tuliobaki tufikiri. Gakunia ya siku hizi haishonwi kwa katani. Iko kwenye simu: jina la bandia, picha ya maua, unaandika neno moja na mtu anaumia. Kabla hujabonyeza, kumbuka swali la Igoki.

Nimalizie na maneno ya mwanawe, Suleiman, aliyeshuka kaburini kumpokea. Desturi ya Waislamu ni kufungua sanda upande wa kichwani, shavu liguse udongo. "Nikalivuta fundo la sanda," aliniambia. "Likakataa. Mzee mmoja pale juu akaniinamia, akasema, 'Pole pole, kijana. Huyu alikwisha kuvua zamani.'"