Chungwa la Darasa la Pili

Mbele yangu kwenye basi walikaa walimu wawili. Walikuwa wamefahamiana vituo viwili tu nyuma, na tayari wanagombana kama ndugu.

"Kesho mkaguzi anakaa darasani kwangu," alisema mwanamke, akipunga chungwa. "Darasa la pili! Chungwa hili naliweka juu ya kigari, nakisukuma, nakisimamisha ghafla. Chungwa linakimbia mbele. Nawauliza: nani kalisukuma?"

Mwanamume, mwalimu wa fizikia sekondari, alishika kichwa. "Dada yangu, utaumbuka! Kwanza andika maana ya kanuni yenyewe ubaoni, wanakili, ndipo ulete matunda."

"Wakishanakili watakuwa wamelala, kaka!"

Mimi nilinakili maana hizo miaka minne. Ninachokumbuka ni suruali ya mwalimu iliyojaa chaki.

"Basi tujaribu hapa hapa," mwanamke akasema, akainama na kuliweka chungwa kwenye njia katikati ya viti. Dereva akafunga breki. Chungwa likatoka mbio, likapita kati ya miguu ya konda, likagonga kiti cha dereva.

"Nani kalisukuma?"

"Dereva!" akajibu mama mmoja.

"Dereva kasimamisha, mama, hajasukuma kitu," konda akabisha.

"Kwani lenyewe lina miguu?"

Basi zima likalipuka kwa mabishano. Mwalimu wa fizikia akasimama, akakohoa, akainua kidole kutoa maana.

"Kaa chini, mzee," konda akamkemea. "Usituambie!"

Mlango ulikuwa wazi, kituo kilikuwa changu, na hakuna aliyeshuka.