Historia ya Mama Yetu, Aliyechora Kitabu cha Tufani

Wazee wetu, majirani, na wafanyakazi waliokuwa pamoja na marehemu, poleni na msiba, mimi ni binti yake wa kwanza, na baba ndiye aliyenipa kazi ya kusoma historia hii, ingawa mjomba wetu, mwalimu mkuu, alikuwa ameshaandika ya kwake ya kurasa mbili, ambamo yeye ametajwa mara kumi na moja na marehemu mara nne.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, akasoma shule ya msingi kuanzia 1989 hadi 1995, akafaulu kuendelea, lakini wazazi waliamua kumsomesha kaka yake peke yake, kwa kuwa walimwona ana akili nyingi, akili ambazo sisi wengine bado tunazisubiri.

Tarehe 2 Juni 1999 aliajiriwa kiwandani, akakunja maboksi kwa miaka ishirini na nne, wenzake wakamwita Mama Maboksi hata kabla hajapata mtoto, na tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na baba, fundi redio, wakajaliwa mabinti watatu, waliozaliwa mwaka 2008, 2010 na 2011.

Tarehe 21 Aprili 2014, saa nane mchana, tufani ilipiga mtaa wetu baba akiwa kazini, mama akatusukuma sisi watatu chini ya meza, akafunga kamba kwenye boriti, akajizungushia kiunoni, akakaa chini akivuta hadi saa kumi na mbili jioni, viganja vikachubuka, paa likabaki. Mjomba alifika siku ya tatu, akalalamika kwamba njia ina tope.

Tangu siku hiyo mdogo wangu wa kati alikuwa akiona wingu tu anaingia chini ya meza, basi mama akakata maboksi mabovu ya sabuni, akachora kurasa kumi na mbili kwa kalamu za rangi, akazishona kwa uzi wa gunia, akawa anamwinamia na kumsomea, "Tazama, nani kashika kamba? Haya, toka huko uje ule, uji unapoa," na mtoto alitoka.

Mwaka 2016 mjomba alikiazima kitabu hicho kwa wiki moja, akakirudisha baada ya mwaka mzima, kisha kikatoka kimechapishwa kwa jina lake, picha zimenakiliwa mstari kwa mstari isipokuwa ukurasa wa sita, ambapo mwenye kamba ni mwanamume aliyevaa tai, na mama yuko pembeni, analia. Hakuna anayevaa tai ndani ya tufani, isipokuwa mtu ambaye tufani hakuiona. Mama alipomuuliza alijibiwa, "Dada, nani angesoma kitabu cha mkunja maboksi?" naye akasema, "Sawa kaka, lakini mvue tai jamani, itamnyonga."

Kitabu kikaingia madarasani, na mwaka 2018, nikiwa darasa la nne, tuliulizwa kwenye mtihani nani aliokoa familia, nikaandika mama, nikakosa, jibu sahihi lilikuwa mjomba. Mama alipoiona karatasi alicheka mpaka akaketi, mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka.

Mnamo Novemba 2023 alianza kuugua kifua, Januari iliyofuata niliacha shule nikiwa nimemaliza kidato cha pili ili nimuuguze, na mjomba alikuja kumtazama mara mbili, mara zote mbili na mpiga picha. Mama alifariki tarehe 5 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, wodini, akiwa na miaka arobaini na minne.

Wiki moja kabla ya hapo baba alimwandikia mchapishaji, ambaye anajiandaa kukichapa kitabu upya, naye akajibu kwamba atakuja kuona michoro ya kwanza kwa macho yake, na juzi mjomba, aliyeisoma barua hiyo mezani kwetu, aliwaomba wazee kitabu cha maboksi kiwekwe ndani ya jeneza, dada yake azikwe nacho kwa heshima, wazee wakakubali, hawakujua kwamba hakuna kingine. Mjomba, heshima yako imechelewa miaka tisa. Jeneza lilifungwa asubuhi hii mbele ya baba, kitabu hakimo, kipo mikononi mwa mdogo wangu wa kati, pale benchi la mbele, ni chake, alitengenezewa yeye, na tukitoka makaburini atamfungulia mchapishaji, ambaye yupo nasi hapa leo, ukurasa wa sita, na mwingine yeyote anayetaka kuona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliopokezana kutufulia na kutuletea maji, na wafanyakazi wa kiwandani walioacha zamu kuja kumbeba, na mjomba tunamshukuru kwa viti vya shule, tutavirudisha leo hii, vyote, vikiwa na jina lilelile vilivyokuja nalo.

Mama, pumzika kwa amani, sisi watatu tupo.