Ramani na Mgeni wa Mambo ya Kale

Pale njia panda ya Busia, ambapo njia ya Tororo inaachana na ile ya kushuka ziwani, palikuwa na baraza lisilo na paa wala haya: mbao mbili ndefu zilizolazwa juu ya mawe, na birika la kahawa la Felistus likichemka juu ya mafiga. Uhuru ulikuwa bado mpya pande zote mbili za mpaka, na kila mtu alikuwa mtaalamu wa jambo fulani. Maloba alikuwa mtaalamu wa njia. Walimwita Ramani, jina alilojipa mwenyewe kisha akajifanya kulikataa. Asubuhi hiyo alivaa koti la harusi la kaka yake, maana mwalimu mmoja wa Nairobi alikuwa anakuja na gari, akitafuta mwenyeji wa kumtembeza penye mambo ya kale yasiyojulikana. Ramani alikwisha kuutangazia mji mzima kwamba mwenyeji huyo ni yeye. Kilichobaki ni kujua atampeleka wapi.

— Ati atoke Nairobi, achome petroli yote hiyo, aje kutazama vitu vikuukuu? alishangaa Rasto, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki.

— Elimu hiyo, Redio. Huwezi kuielewa.

— Naielewa sana! Petroli ikimwagika haizoleki.

Omoding wa kijiji cha Kwapa, aliyewahi kubeba magunia ya saruji Tororo na kurudi akiitwa Injinia, aliweka kikombe chini.

— Peleka yeye kwa ile mwamba ya Tororo. Ile ilianguka kutoka juu.

— Juu wapi?

— Juu, mbinguni! Watu ya zamani walikuwa nakula ugali, mara puu! Kijiji yote iko chini, na sufuria yao.

— Yesu wangu! Felistus alishika kifua. Na watoto?

— Na watoto. Ukiweka sikio kwa hiyo jiwe, nasikia mtu nakohoa.

Ramani alishtuka mpaka akaungua ulimi. Amepita chini ya mwamba ule mara nyingi wala hajawahi kuweka sikio.

— Hiyo ndogo, Redio alidakia. Kwetu Samia kuna pango. Jeshi zima liliingia kujikinga mvua, na ngoma zake, na ng'ombe wake. Mpaka leo halijatoka.

— Kwani mvua haijakatika?

— Nani aliyewaambia imekatika? Ndiyo maana wazee walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Sasa kisima kimetoka wapi?

— Pangoni!

Ramani aliona heshima yake inaporwa mchana kweupe. Akajikohoza.

— Nyinyi hamjui kitu. Kwenye kinamasi cha Malaba kuna treni nzima imezama. Abiria wote wamo, na mkaguzi bado anawakagua tiketi.

— Ala! Redio alibaki mdomo wazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Ndipo gari la Foksi la kijivu likasimama mbele yao. Akashuka mwanamke. Wakamngoja dereva naye ashuke, hakushuka mtu.

— Mwanamke! alinong'ona Injinia. Naendesha yeye mwenyewe!

— Mulembe, mgeni aliwaamkia. Mimi ni Mwalimu Specioza, kwetu Iyolwa. Bwana Maloba ni nani?

— Ndiye mimi, mwalimu. Nina pango, nina mwamba, nina treni...

— Hayo baadaye, ndugu yangu. Kwanza nina mahali pamoja tu.

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na jiwe.

— Babu yangu Ofumbi alikuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani. Alifia hapa njia panda akirudi, nyumbani pamekaribia. Wenzake walimzika, kila mmoja akaweka jiwe. Tangu hapo, mtu wa kwetu akipita kwenda sokoni huweka lake, babu asilale peke yake. Nyanya alinileta nikiwa mdogo, na rundo lilinifika kifuani. Leo nimezunguka wee, silioni.

Ramani aliganda. Rundo lile! Wao walidhani ni mawe yaliyobakizwa na wajenzi wa barabara. Siku ya kutengeneza baraza, yeye ndiye aliyechagua yale bapa, pamoja na matatu ya mafiga, akiyapiga makofi na kuyasifu.

Alisimama. Redio naye akasimama, na Injinia, polepole, kana kwamba ubaoni amelala mtoto. Felistus alitazama mafiga yake, akaimwaga kahawa yote juu ya moto.

Specioza alitazama mawe chini ya mbao, akatazama mafiga yanayofuka moshi. Hakupiga kelele. Ramani alitamani angepiga.

— Bwana Maloba, wewe ndiye mwenyeji. Hili langu niliweke wapi?

Ramani alitazama njia ya Tororo, akatazama ile ya ziwani. Kisha akavua koti la kaka yake, akainama kushika ncha ya ubao. Redio akashika ncha ya pili.