Bwana Tuta na Mfereji wa Baba

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wageni wa mgodini mliokaa safu ya mbele bila kukaribishwa na mtu, mimi ndiye mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, na familia imenichagua nisome historia yake kwa sababu nina sauti isiyohitaji kipaza sauti, jambo ambalo hata adui zangu wanalikubali. Ofisi ya mgodi ilituletea karatasi iliyochapwa vizuri, yenye maneno "mfanyakazi mtiifu" mara nne, nimeisoma, nimeikunja, na imefaa sana kuuzuia mguu wa meza hii usiyumbe.

Marehemu, ambaye wote mlimwita Bwana Tuta, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee wetu, mwenye shamba na mfereji unaotoka mtoni. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha kilimo alikohitimu tarehe 20 Novemba 1983, wakati mimi niliishia darasa la tano, si kwa ujinga, ila mwalimu alikuwa amekwishanifundisha yote aliyoyajua.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, fundi cherehani, ambaye kwa subira yake angepika jiwe likaiva, wakajaliwa watoto watatu, wote wakaidi kama yeye, maana mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tarehe 1 Februari 1999 aliajiriwa na mgodi wa makaa ya mawe kuwa msimamizi wa udongo na maji, kazi yake ikiwa kuhakikisha kwamba kabla ya shimo kuchimbwa, udongo mweusi wa juu unakwanguliwa na kulundikwa peke yake, mwekundu wa chini peke yake, na siku ya kufukia kila mmoja unarudi mahali pake. Shamba la mzee lilipochimbwa mwaka 2004, udongo wetu mweusi ukawa tuta namba sita, likapandwa nyasi, likawekewa kibao, na marehemu akalilinda kuliko alivyowahi kunilinda mimi. Nasema hivyo kwa sababu tarehe 15 Septemba 2009, saa sita mchana, nilikwenda na toroli kuchukua udongo wa baba yangu kwa ajili ya bustani yangu, nikawapita walinzi wawili, maana mlinzi wa kunizuia mimi hajazaliwa, ndipo kaka akatokea nyuma ya tuta, akaniandika kwenye daftari lake jina na ukoo, kana kwamba ukoo huo si wake, akanirudisha nikaumwaga wote mbele ya madereva wa matingatinga, nao wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Mdogo wangu, ukichukua toroli moja, hawa watachukua malori," ndivyo alivyoniambia, na tangu siku hiyo sikumpa shikamoo tena. Udongo huo ulirudishwa shambani mwaka 2019, wote, haukupungua hata koleo moja, na mimi sikwenda kuutazama.

Wengi mnakumbuka kichekesho chake kingine, kwamba kila mwaka alifungua lango la mfereji, akamwagilia nyasi tupu kando ya shimo, na akamwita afisa wa maji atie saini. Tulimcheka, mimi nikiongoza, wala hatukujua, mimi nimeelezwa na shemeji juzi tu, kwamba kibali cha maji cha mzee hufa kisipotumika miaka miwili mfululizo, na kikifa, maji yetu yanakwenda kuosha makaa na kutuliza vumbi la malori. Mabosi wake walijua, wakambembeleza, wakamtisha, wakamhamishia ofisi isiyo na dirisha, naye akaendelea kulifungua siku zake za likizo.

Mara ya mwisho kulifungua ilikuwa tarehe 9 Juni 2022. Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa mara tatu, na tarehe 18 Mei mwaka huu aliniita wodini, kitanda cha karibu na mlango, akanipa ufunguo wa lango, akasema, "Zimebaki wiki tatu, kafungue." Nikamjibu, "Kafungue mwenyewe, halafu uniandike kwenye daftari," nikautia ufunguo mfukoni kwa dharau, na hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, ayajue kila aliyekuja hapa kunipa pole. Alifariki tarehe 4 Juni 2024, saa tisa alasiri.

Leo ni tarehe 8. Nimemsikia meneja wa mgodi akimuuliza shemeji, kwa sauti ya huruma, kama familia itabaki inaomboleza hata kesho, siku ambayo ile miaka miwili inatimia. Basi kwa mlioshangaa kwa nini njia ya chini imelowa wakati mvua haijanyesha tangu Aprili, lango nimelifungua leo saa kumi na mbili asubuhi, kufuli likiwa na kutu na mikono yangu ikiwa na malengelenge, maji yamelivuka shamba mpaka njiani, na afisa wa maji, aliyekuja kuzika tu, amezama hadi kifundoni, hivyo hawezi kusema hakuyaona, ametia saini pale nje akiwa na kiatu kimoja mkononi. Bwana meneja, tazama viatu vyako, hayo matope meusi ni tuta namba sita, na maji yake ni ya baba yangu, kwa miaka miwili mingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotuazima viti, na madereva wa matingatinga waliofanya kazi na marehemu, pamoja na yule aliyekaa chini kwa kicheko. Wachimba kaburi nimewaambia udongo mweusi ukae kulia na mwekundu kushoto, urudi kwa mpangilio wake, atakayeuchanganya atanitambua.

Shikamoo, kaka. Maji yamefika, pumzika kwa amani.