Mkono wa Kinyozi

Katika treni ya asubuhi niliketi mkabala na mwanamke mmoja kinyozi na fundi rangi mmoja. Hawakuwa wakijuana, ila fundi alikuwa akijisifu kwa yeyote mwenye masikio. "Mimi, dada, silali, nakula kama mchwa na bado nakonda, na moyo unadunda kama injini. Kazi ya watu watatu naifanya peke yangu!" Jasho lilimtiririka, ingawa dirisha lilikuwa wazi na sisi wengine tulijikunyata kwa baridi.

"Hivyo hivyo nilikuwa mimi, kaka," kinyozi akasema. "Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Majirani wakasema nina mapepo, mume wangu akasema ni hasira. Siku mkono uliponitetemeka nikamkata mteja sikio, nikajipeleka hospitali mwenyewe. Wakapima damu, kumbe ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Nikapewa vidonge. Leo nanyoa mabwana harusi kwa wembe!"

"Huo wako ulikuwa ugonjwa. Hizi zangu ni nguvu."

Kinyozi akanyoosha mkono, akalaza tikiti yake juu ya vidole. Treni iliyumba, naye akayumba nayo, lakini tikiti ilitulia tuli. Akatutazama sote, kidevu juu, kama aliyevikwa taji. "Haya, zamu yako."

Juu ya vidole vya fundi, tikiti ilianza kucheza ngoma.

"Ni treni hii inayotutikisa," akasema.

Treni ilikuwa imekwisha kusimama.