Wapiga Fidla Wanne Waliokauka

Benchi letu liko kati ya kinyozi na studio ya picha. Asubuhi ile Mulika, mwenye studio, alitoka uso umemshuka, akatuwekea picha mbele ya vikombe vya kahawa. Wapiga fidla wanne, watu wa ule muziki wa klasiki ambao ukikohoa unatazamwa. Walitaka picha ya asili, isiyo ya kujipanga, ibandikwe kubwa nje ya ukumbi wa tamasha lao. Mulika maisha yake yote amepiga za pasipoti. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo mji mzima ungeiona, na mama yake ameshawatangazia majirani. Sasa wenyewe wameikataa. Walikuwa wanarudi asubuhi hiyo hiyo kujaribu mara ya mwisho, ikishindikana wanakwenda kwa mwingine.

Jaji, kinyozi wetu, anayekata kesi zaidi ya nywele, ndiye aliyeanza.

JAJI: Lo! Hawa wamekamatwa wapi?

MULIKA: Acha utani, ndugu yangu. Niliwaambia wakae kawaida.

SOLI (fundi viatu): Kawaida gani? Huyu wa kulia kameza mwiko.

MULIKA: Niliwapanga vizuri, nikawaondolea fidla zisizibe sura, nikasema, “Haya, kuweni wa asili.” Wakakauka!

JAJI: Kosa lako umewaonya. Wavizie alfajiri wakitoka kupiga mswaki, paa! Samaki mkunje angali mbichi.

MULIKA: Mbichi? Mmoja ana wajukuu!

SOLI: Basi wachokoze. Kila mmoja mnong'oneze kwamba mwenzake anapiga vizuri kumshinda. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

MULIKA: Nataka picha, Soli, sitaki ngumi.

Nami sikukubali kupitwa.

MIMI: Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Lala sakafuni, wapige kutoka chini.

JAJI: Apate matundu manane ya pua? Nyamaza wewe! Mulika, fungulia mbuzi humo studio. Hakuna binadamu anayejifanya mbele ya mbuzi.

SOLI: Mbuzi anazoeleka. Nyuki!

MULIKA: Nyinyi chekeni tu. Mimi mama nitamwambia nini?

Hapo nilimhurumia kwelikweli. Lakini nyuki nao niliwafikiria, sitaki uongo.

Kabla hatujawajadili, akafika mama mmoja, mgongoni kabeba sanduku la fidla kubwa, ile ya kupigwa kati ya magoti, refu kumpita kichwa. Nikatazama picha, nikamtazama yeye. Ndiye aliyemeza mwiko. Soli akaigeuza picha haraka.

— Shikamoo, mama, tulimwamkia wote kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Mpiga picha, nimewatangulia wenzangu, nina swali dogo. Hili lidude nimelikumbatia tangu sijang'oka meno ya utoto. Ukishaniondolea, hii mikono niiweke wapi?

Pale benchini kila mmoja akaijaribu mikono yake.

Jaji aliitia yake mifukoni, akaitoa. Soli akaikunja kifuani, akawa kama mtu aliyenuniwa na mkewe. Mimi niliiweka magotini, nikajiona nasubiri kuitwa na daktari.

Mulika peke yake alisimama vizuri, bila shida yoyote. Alikuwa ameikumbatia kamera yake.

Akainama kuitazama. Akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamfungulia yule mama milango yote miwili ya studio, sanduku lipite.

— Ingia nalo, mama. Na wenzio wakija, waje wakipiga fidla zao.