Bwana Cutbush na Mnanaa wa Barabara ya Hawthorn

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 1958, Bwana Leonard Cutbush ataitundua kofia yake kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa ofisi yetu, na Jumatatu msumari utabaki mtupu. Ameitumikia Idara ya Afya ya Manispaa ya Elmsholt kwa miaka thelathini na minne, na sasa anastaafu.

Alianza kazi wakati nusu ya Elmsholt ilikuwa bado mashamba ya kabichi. Kadiri nyumba zilivyoota, ndivyo naye alivyozidi kuzunguka na baiskeli yake, akikagua vyoo, mapipa ya taka, maziwa na nyama, na kuwafukuza panya. Miaka ya vita, mabomu yakishapita, alikuwa wa kwanza kuuliza kama maji ya bomba bado yanafaa kunywa. Wenye maduka walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Muuza samaki mmoja, alipoamriwa kufunika samaki wake, alimjibu, "Bwana Afya, huyu amelala baharini maisha yake yote bila shuka!" Bwana Cutbush akamwambia, "Sawa, lakini huko baharini hakuna nzi." Samaki wakafunikwa siku ile ile.

Lakini ukiwauliza akina mama wanaoleta watoto kliniki kupimwa uzito, watakusimulia habari ya mnanaa.

Ilikuwa mwaka 1953. Bi. Mavis Tolley alipanga nyumba Barabara ya Hawthorn, zile nyumba mbilimbili zinazogawana ukuta. Mumewe alikuwa jeshini Ujerumani, naye aliishi na mama mkwe wake na watoto wawili, Roy na mdogo wake Christine, ambaye wakati huo ndiyo kwanza anatambaa. Watoto walikuwa wakiharisha, wanapona, wanaanza tena, na jikoni kulikuwa na harufu isiyoondoka hata usugue vipi. Mwenye nyumba, Bwana Sidney Rusk, aliyeishi upande wa pili wa ukuta, alisema mchafu ni mama, si nyumba. Neno hilo lilisambaa hadi likafika kwenye kamati ya manispaa, na ikaanza kusemwa kwamba watoto wale wapelekwe kwenye nyumba ya kulelea. Sisi wenye watoto wadogo tunajua kuwa harufu ya nepi na harufu ya bomba lililopasuka si moja. Lakini nenda kamwambie hivyo mwenye nyumba.

Bwana Cutbush akaenda kupima bomba kwa njia yetu ya zamani. Mkaguzi mwenzake, Bwana Frank Amos, alipanda ngazi nje na kumimina mafuta ya mnanaa na maji ya moto ndani ya bomba la choo, kupitia mdomo wake wa juu. Yeye Bwana Cutbush alibaki ndani, madirisha yamefungwa, akinusa. Mnanaa ukinukia ndani, bomba linavuja. Aliyemimina haruhusiwi kuingia, maana ananukia kama duka la pipi. Wakati wakisubiri, Bwana Cutbush aliwaeleza wenyeji habari za mabomba, na anayemjua anajua kwamba akianza mabomba hamalizi. Katikati ya maelezo, mnanaa ukanukia. Akaandika amri, uwanja ukachimbwa.

Bomba likakutwa zima kabisa.

Bwana Rusk alikuja ofisini akipiga meza. "Mmenichimbia uwanja wote bure! Sasa nani mchafu? Huyo mama atoke kwangu!" Bwana Cutbush hakubishana naye. Alirudi kwa Bi. Mavis kumwomba radhi, akakaribishwa chai, na mama mkwe akamsogezea mfuko wa karatasi. "Chukua moja, Bwana Afya. Za mnanaa hizi, nzuri kwa kifua."

"Mama, siku ile ulikuwa unakula hizi?"

"Sasa je! Kanisani kwetu mhubiri akianza, kila mtu anaweka yake mdomoni. Nawe ulipoanza kuhubiri mabomba yako, nikaona hii itakuwa ndefu."

Bi. Mavis alijifunika uso kwa aibu, lakini Bwana Cutbush alicheka mpaka chai ikamwagikia kisahani. Kisha akaweka kikombe chini, akawaza. Kama kipimo kiliharibika, basi hakuna lililothibitishwa, na mama wa watu hajashindwa kesi.

Kesho yake walirudi. Mama mkwe alipelekwa kwa jirani ng'ambo ya barabara, yeye na mfuko wake. Wakamimina kwenye bomba la Bi. Mavis. Hakuna harufu. Ndipo Bwana Cutbush akaomba ngazi ihamishiwe kwenye bomba la Bwana Rusk.

"Kwangu? Kwangu unatafuta nini?"

"Natafuta mnanaa, Bwana Rusk. Wewe njoo jikoni kwa Bi. Mavis, unisaidie kunusa."

Wakasimama jikoni, Christine kabebwa na mama yake. Haukupita muda mrefu, harufu ikapanda kutoka chini ya sakafu. Bwana Rusk akageuka huku na huku. "Nani anakula pipi humu?"

"Hakuna anayekula, Bwana Rusk," alisema Bi. Mavis. "Hiyo inatoka kwako."

Bomba lililopasuka lilikuwa la Bwana Rusk, nalo lilikuwa likimwaga chini ya ukuta hadi chini ya jiko la Bi. Mavis. Mbele ya kamati Bwana Cutbush alianza na kosa lake, akalieleza lote, wajumbe wakicheka, ndipo akaleta ushahidi. Habari ya kuwachukua watoto haikutajwa tena. Bomba likabadilishwa, sakafu ikang'olewa na kuwekwa mpya. Roy na Christine wakaanza kunenepa, na mizani ya kliniki ni shahidi.

Christine sasa anasoma shule, na Ijumaa, kwenye sherehe ya kumuaga, ndiye atakayemkabidhi Bwana Cutbush zawadi yetu. Bibi yake atakaa safu ya mbele. Tumemwomba asitie kitu mdomoni mpaka hotuba ziishe. Amekataa kabisa.

Kwa hiyo, Bwana Cutbush, ukumbi ukinukia mnanaa, usiinuke kutafuta bomba. Keti na mkeo, Bi. Hilda, unywe chai yako ikiwa bado moto. Ahsante kwa kurudi mara ya pili pale ambapo wengi wasingerudi. Tunakuombea siku njema, afya tele, na bustani isiyo na panya hata mmoja.